Jinsi ya kuchimba historia ya jengo la biashara mjini: nani alikuwepo, aliuza nini, akaondoka lini

Kuna jengo la ghorofa moja Uhindini hapa Dar, upande wa Kisutu, chini lina fremu nne na juu wanakaa watu. Sahivi fremu ya kona wanauza kava za simu na chaja, inayofuata ni saluni, ya tatu stoo ya viatu, ya nne imefungwa kwa kufuli. Marehemu mama yangu mkubwa alikuwa anauza dukani hapo enzi za RTC, yaani kampuni ya biashara ya mkoa, na kila tukipita alikuwa ananyoosha kidole anasema pale ndo nilikuwa napima sukari. Alipofariki nikagundua hakuna hata mtu mmoja kwenye ukoo anayejua ni fremu ipi kati ya zile nne. Ndo nikaanza. Imenichukua karibu miaka miwili ya Jumamosi moja moja, nimekosea vitu vingi njiani, na nimeona niandike nilivyofanya ili mtu mwenye jengo lake moyoni, liwe Dar, Tanga, Mwanza, Moshi au popote, asipoteze muda pale nilipopoteza mimi.

Kitu cha kwanza kabisa cha kushika kichwani, historia ya jengo la biashara ni nyuzi mbili zinazokwenda pamoja lakini hazifanani. Kuna uzi wa mwenye jengo na kuna uzi wa mwenye biashara. Wengi wanakimbilia wa kwanza, wanaenda ardhi kutafuta hati, wanapata majina mawili matatu ya wamiliki na wanadhani wamemaliza. Hati haikwambii kama hapo palikuwa na mkate au vitambaa au redio. Mwenye jengo anaweza kubadilika mara tatu na muuza duka akawa yuleyule, na mwenye jengo anaweza kuwa mmoja miaka hamsini huku fremu imepita mikono ya watu kumi na wawili. Kwahiyo chukua daftari, kila fremu ipe kurasa zake, halafu mwenye jengo mpe kurasa za peke yake nyuma. Usichanganye. Mimi nilichanganya mwanzoni na nikajikuta nimeandika eti duka la vitambaa lilifungwa 1971 kwa sababu tu jengo lilibadilisha mmiliki mwaka huo, kumbe duka liliendelea miaka mingine mitano.

Anza na jengo lenyewe

Kabla hujaongea na mtu yeyote simama ng'ambo ya barabara, asubuhi kabla machinga hawajapanga meza, uliangalie jengo kuanzia juu kushuka chini. Majengo mengi ya zamani ya Uhindini yana mwaka au jina limechongwa kwa saruji pale juu kabisa kwenye ukuta wa mbele, watu wanapita chini miaka yote hawajawahi kuinua macho. Ukiuona mwaka uandike lakini usiuamini moja kwa moja, unaweza kuwa mwaka ambao ghorofa ya juu iliongezwa huku chini pana umri mkubwa zaidi. Angalia kama kuta za chini ni nene kuliko za juu, angalia kama madirisha yanafuatana au juu ni mtindo mwingine kabisa.

Afu shuka kwenye mabango. Bango la sasa mara nyingi limepigiliwa juu ya lingine, na hilo nalo limepigiliwa juu ya maandishi ya rangi yaliyoandikwa moja kwa moja ukutani. Kwenye jengo letu, jua la saa kumi jioni linapiga kwa ubavu na ndo saa pekee ambayo herufi za chini ya chokaa zinaonekana, zimevimba kidogo kama mshono. Nilisoma hapo "...& SONS" na chini yake "P.O. BOX" na namba ya tarakimu tatu. Saa sita mchana huoni kitu. Kwahiyo rudi saa tofauti, piga picha, na ukiweza omba ngazi.

Namba za simu na sanduku la posta ni hazina, usizipuuze. Sanduku la posta la tarakimu mbili au tatu kwa Dar mara nyingi ni la kampuni ya siku nyingi, na kampuni inaweza kuhama jengo ikabaki na sanduku lake, kwahiyo unaweza kuifuata kwa namba hiyo kwenye vitabu vya simu vya zamani hata kama imebadili jina. Namba ya simu inakupa umri. Namba ya mwanzo ya simu za mezani za Dar ilikuwa 051 kabla ya kuwa 022, badiliko lililofanyika karibu na mwaka 2000, kwahiyo bango lenye 051 ni la kabla ya hapo. Bango lenye 0744 ni la mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla namba hizo hazijawa 0754, vilevile 0741 iliyokuja kuwa 0713 na 0748 iliyokuja kuwa 0784. Saluni ya fremu ya pili wana kioo kina stika ya 0744 pembeni, mwenye saluni wa sasa hajui ni ya nani. Hiyo stika tu ilinipa mpangaji mzima ambaye hakuna aliyekuwa anamkumbuka.

Ndani, ukikaribishwa, angalia sakafu. Duka lina alama ya kaunta: mstari ambapo terazo au saruji haijachakaa kwa sababu hapakanyagwi, na mbele yake mahali palipolika kwa miguu ya wateja. Kulabu kwenye boriti, huenda palikuwa na mizani ya kuning'iniza au nyama. Sakafu inayoteremka kuelekea mbele na dari refu kupita kiasi, fikiria sinema, maana Dar ilikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo na nyingine, na majumba ya hivyo yakigeuzwa huwa yanabaki na umbo lao. Angalia na mita ya umeme na vifuniko vya zamani, ukikuta maandishi ya DARESCO ujue ni vya kampuni iliyokuwa inagawa umeme Dar kabla haijaunganishwa kwenye TANESCO mwaka 1964.

Majina ya mitaa yatakupoteza usipoyajua

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo palinikwamisha zaidi. Kwenye ofisi moja niliambiwa faili la jengo halipo, nikaenda mara tatu, halipo, nikaandika barua, halipo. Miezi minne baadaye mama mmoja pale mapokezi akaniuliza huo mtaa zamani ulikuwa unaitwaje. Nikarudi na jina la zamani, faili likatoka siku ileile, lina vumbi lakini zima kabisa. Tangu hapo sitafuti kitu bila kwanza kuwa na orodha ya majina yote ya mtaa.

Mfano mzuri ni Samora. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, Waingereza wakaufanya Acacia Avenue, baada ya uhuru ukawa Independence Avenue, na baada ya Rais Samora Machel kufariki 1986 ukawa Samora Avenue. Uhuru Street ilikuwa Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street, ndo maana wazee wanasema ofisi ya TANU ilikuwa New Street na vijana wanadhani ni mahali pengine. Nyerere Road ilikuwa Pugu Road. Nairobi nao ni hivyohivyo, Moi Avenue ilikuwa Government Road na Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street, na Mombasa Digo Road ilikuwa Salim Road.

Ukishajua hayo kila karatasi inajisemea umri wake. Risiti ya Acacia Avenue ni ya enzi za Muingereza au karibu na uhuru, ya Independence Avenue iko kati ya 1961 na 1986. Iliyoandikwa Tanganyika Territory ni kabla ya Desemba 1961, na yenye neno Tanzania haiwezi kuwa kabla ya 1964. Bei za rupia ni za kabla Muingereza hajaleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na shilingi ya Tanzania yenyewe imeanza 1966, kabla ya hapo ni ya Afrika Mashariki. Ila angalia, wenye maduka hawatupi karatasi, mtu aliyechapisha vitabu vya risiti elfu moja mwaka 1960 atavitumia mpaka viishe hata kama mtaa umebadilishwa jina, kwahiyo jina la mtaa linakwambia risiti si ya kabla ya lini, halikwambii mwisho wake ni lini. Angalia na tarehe iliyoandikwa kwa mkono kama ipo.

Kitu kingine cha katikati ya mji wa Dar, kwenye maelezo ya viwanja utakutana na neno Flur, Flur namba moja, namba mbili. Usidhani ni kosa la uchapaji. Ni Kijerumani cha wapima ardhi, limebaki kwenye makaratasi yetu tangu enzi hizo, na ukiliona ujue upo kwenye upimaji wa zamani kabisa wa mji. Kariakoo huko utakuta kiwanja na kitalu.

Watu kwanza, karatasi baadaye

Najua wengine watasema nenda kwanza ofisini. Mi nasema nenda kwa watu kwanza, sababu karatasi zitakusubiri na wazee hawatakusubiri. Halafu ukienda ofisini bila jina la mtu wala la biashara huna cha kutafuta.

Usianze na mpangaji wa sasa, anza na yule anayekaa nje. Fundi cherehani wa barazani, fundi saa, muuza kahawa, mshona viatu, mlinzi. Hawa wameona wapangaji wanakuja na kuondoka. Kwenye jengo letu barazani kuna fundi cherehani, mzee wa watu mtaratibu sana, na mazungumzo yetu ya kwanza yalikuwa hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unashona au unapunguza?"

"Nimekuja kuuliza habari za jengo mzee wangu."

Akanyamaza, akaendelea kukanyaga cherehani. "Nyie ndo mnataka kulivunja?"

Hilo ndo swali la kwanza ambalo utaulizwa popote, na jibu lake lazima uwe nalo mapema. Watu wa mjini wakiona mtu anauliza nani anamiliki, nani alipanga, lini, wanafikiria mambo manne: we ni dalali, we ni mtu wa TRA, we ni mrithi umekuja kudai, au umetumwa na anayetaka kuwatoa. Na hofu hiyo ina haki yake, majengo mangapi ya Uhindini na Kariakoo yamevunjwa na wapangaji wametolewa kwa notisi. Mi nilimwambia ukweli, mama yangu mkubwa aliuza duka hapa, nikamuonyesha na picha yake kwenye simu. Akasimamisha cherehani. Akaniuliza, "Huyu si mama Rehema wa dirisha la kushoto?" Basi tukaanza hapo. Kwahiyo beba picha, beba jina, sema unachotafuta kabla hujauliza chochote, na usitoe daftari siku ya kwanza. Nunua kahawa, kaa.

Usiulize mwaka. Ukimuuliza mtu duka lilifungwa mwaka gani atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Uliza kwa matukio. Ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada? Sokoine anafariki, ile Aprili 1984, duka lilikuwa bado? Papa alipokuja 1990? MV Bukoba ilipozama, Mei 1996? Mvua za El Nino? Bomu la ubalozi, Agosti 1998, vioo vya hapa vilitikisika? Msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999, nani alifunga fremu kwenda Uwanja wa Taifa kuaga? Mtu anakumbuka alikuwa amesimama wapi siku ya tukio, na akikumbuka alikuwa amesimama wapi anakumbuka na duka lililokuwa nyuma yake. Hii njia imenisaidia kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii yote.

Na uliza kuhusu bidhaa na harufu na foleni, usiulize tu majina. "Foleni ya sukari ilikuwa inaishia wapi?" Fundi alinionyesha mpaka kwenye mwarobaini wa jirani. Ukishajua kulikuwa na foleni ya sukari na sabuni na vibali, tayari umejua uko kipindi gani.

Ghorofani nako kuna watu, usiwasahau. Familia za Kihindi zilizobaki zina wazee wanaokumbuka mpaka rangi ya mlango, na waliohama wako Toronto, Vancouver, Leicester, London, wengi waliondoka miaka ya 70, na wana magrupu yao ya familia ya WhatsApp ambayo picha moja ya jengo ikitupwa humo inarudi na majibu kumi usiku huohuo. Omba mtu wa ghorofani akutumie. Picha za harusi ndo bora, maharusi wamesimama barazani na bango la duka liko nyuma yao linasomeka.

Miaka ambayo lazima uielewe

Kwa Tanzania bara jengo lolote la biashara la mjini limepita kwenye mambo haya, na usipoyajua utasoma karatasi vibaya.

Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na siku chache hizo mabenki na makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza nje yakawa ya umma. Kwahiyo kama fremu yako ilikuwa tawi la benki ya kigeni, baada ya hapo ni NBC, na NBC nayo ikagawanywa 1997 ikazaliwa NMB. Duka la rejareja la kawaida halikuguswa 1967.

Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ikachukuliwa na serikali, ikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na wenye majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hawakupata fidia. Wengi wa walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na hapo ndo familia nyingi zilianza kufunga mizigo. Baadhi ya majengo yalirudishwa baada ya rufaa. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lililokuwepo tangu 1962, ndo maana mpaka leo mtu wa Uhindini anasema nyumba ya Msajili na mwingine anasema nyumba ya Shirika na wanaongelea jengo lilelile.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mwenye jengo wa zamani mara nyingi alikuwa pia ana duka chini na anakaa juu. Siku sheria ilipopita hakutoka. Aliendelea kufungua duka asubuhi kama kawaida, ila sasa analipa pango kwa Msajili, kwenye jengo ambalo baba yake alilijenga. Kwenye karatasi unaona mkato mkubwa 1971 na mtaani hakuna kilichobadilika kwa jicho. Mimi nikifikiria yule mzee wa "& Sons", anashuka ngazi zilezile, anafungua kufuli lilelile, na mwisho wa mwezi anaenda kulipa kodi, naona huo ndo ukurasa mzito kuliko yote kwenye daftari langu, na hauwezi kuupata kwenye hati.

Rejareja iliguswa zaidi 1976, Operesheni Maduka, pale maduka binafsi yalipofungwa sehemu nyingi ili yaje ya ushirika na ya ujamaa, bidhaa zikapotea, serikali ikalegeza. Huo ndo mwaka ambao duka letu la vitambaa lilifungwa kweli, na RTC ikaingia. 1983 kukawa na msako wa wahujumu uchumi. Bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, Mzee Mwinyi akaingia 1985, mitumba na redio na vitenge vikajaa, na kuanzia hapo fremu moja ilianza kukatwa mbili, mbili zikakatwa nne. Kwenye jengo letu ukuta kati ya saluni na stoo ya viatu ni wa matofali ya saruji, kuta nyingine zote ni mawe ya matumbawe. Ukigonga unasikia tofauti. Ina maana fremu ya mama yangu mkubwa sahivi ni fremu mbili.

Zanzibar ni hadithi nyingine, huko mkato ni Mapinduzi ya Januari 1964, na nyaraka zako zitakuwa Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Na Kariakoo nako ni tofauti na Uhindini, pale kambi ya wapagazi wa jeshi la Muingereza ya vita vya kwanza ndo imeacha jina, nyumba nyingi zilikuwa za Kiswahili za familia za Kiafrika, vyumba sita na ukumbi katikati, na kuanzia miaka ya 90 zikaanza kuuzwa zikajengwa ghorofa. Huko tafuta familia ya mwenye nyumba, mara nyingi wamehamia Mbagala, Gongo la Mboto au Tabata, na wao ndo wenye picha.

Sasa ofisini

Ukiwa na majina, mitaa na vipindi, nenda. Wizara ya Ardhi kwa Msajili wa Hati unaomba upekuzi rasmi kwa namba ya kiwanja, unalipa, unapata mmiliki, muda wa hati na mabadiliko yaliyosajiliwa kama rehani. Rehani ni tamu, inaonyesha mwenye jengo alikopa lini, na mara nyingi mtu anakopa akiwa anajenga au anapanua. Ukikuta umiliki wa milele wa zamani umegeuka kuwa hati ya miaka 99, hiyo ni sheria ya 1963 iliyofuta umiliki wa aina hiyo, hakuna aliyeuza.

NHC wana mafaili ya wapangaji kwa majengo yaliyotoka kwa Msajili. Nenda na barua ya utambulisho na uwe mpole, mafaili ya wapangaji wa sasa ni siri zao na si haki yako. Hapa utajifunza pia kuhusu kilemba, mpangaji anayeondoka anapokea pesa kutoka kwa anayeingia, ya chini kwa chini, ndo maana jina kwenye mkataba na sura iliyopo kaunta kwa miaka mingi vilikuwa vitu viwili. Ukiambiwa kwenye faili mpangaji ni fulani mpaka 1995, muulize fundi wa nje nani alikuwa anauza. Mwamini fundi.

BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa majina ya makampuni na majina ya biashara. Halmashauri kwa leseni na vibali vya ujenzi, ila jua kwamba serikali za mitaa zilivunjwa kwenye ule mpango wa madaraka mikoani ulioanza 1972 na za mijini zikarudishwa 1978, kwahiyo pengo hapo katikati usishangae. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko mtaa wa Vijibweni, Upanga, wana mafaili ya Muingereza na hata ya Mjerumani, na kwa sheria ya 2002 nyaraka za umma zinafunguliwa baada ya miaka 30. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam maktaba ina sehemu ya East Africana, yaani vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki.

Lakini kwa historia ya biashara, magazeti yanashinda yote. Tanganyika Standard lilianza 1930 na limejaa matangazo ya maduka yenye mtaa na simu. Tafuta maneno ya "tumehamia", "mali mpya imewasili", "mnada". Gazeti la Serikali nalo usilidharau, kampuni ikifilisika au hati ikipotea inatangazwa humo, na tangazo la hati iliyopotea lina namba ya kiwanja na jina la mwenyewe kwa pamoja. Kazi yake ni ya kuchosha macho. Jiwekee lengo la miaka miwili ya gazeti kwa siku moja, zaidi ya hapo unaanza kuruka kurasa.

Na Old Boma, lile jengo la miaka ya 1860 la enzi za Sultani Majid pale Sokoine Drive, kuna kituo cha DARCH cha urithi wa usanifu wa Dar. Nenda ukaangalie picha na ramani zao, utajifunza kusoma jengo kwa haraka kuliko kusoma maelezo yangu.

Kuunganisha na kurudisha

Tengeneza jedwali moja la fremu kwa mwaka, kwenye Excel au kwenye manila kubwa ukutani, juu miaka, pembeni fremu. Jaza kila ulichonacho na andika ulikipata wapi, kwa mdomo, kwa karatasi, kwa ukuta. Kisanduku chenye vyanzo viwili kipake rangi, chenye kimoja kiache cheupe, kisicho na kitu kiache wazi na usikijaze kwa kubahatisha. Mimi nina visanduku vitupu kwa fremu ya nne kuanzia 1988 mpaka 1994 na nimeviacha hivyo hivyo.

Madeni, ugomvi wa ndugu, nani alikamatwa 1983, hayo utasikia tu. Usiyaandike na jina la mtu bila ruhusa ya familia, watoto wao bado wanafanya biashara mtaa huohuo.

Ukimaliza, kabla hujampa mtu mwingine yeyote, chapisha, nenda ukawasomee waliokwambia. Soma kwa sauti, wengi macho hayaoni tena. Mimi nilikaa barazani na yule mzee fundi, nikamsomea kurasa zote tisa, akawa anashona na kutikisa kichwa. Nilipofika pale nilipoandika kaunta ya RTC ilikuwa inaangalia mlango, akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Hapana. Ilikuwa inaangalia ubavuni. Mlango ulikuwa wazi, jua la asubuhi likawa linaingia kwenye sukari, mama yako mkubwa ndo aliyesema igeuzwe."

Akanyanyuka, akanipeleka ndani ya saluni, akamwomba binti aliyekuwa anasuka asogee kidogo, akanionyesha kwa kidole cha mguu. Mstari wa sakafu ambayo haijalika ulikuwa unaenda ubavuni, unaingia chini ya ule ukuta wa matofali na kutokea upande wa pili, kwenye stoo ya viatu. Nilikuwa nimeshapita juu yake mara ishirini. Nikapiga magoti nikaupima, mita mbili na sentimita arobaini upande huu, na Jumamosi iliyofuata mwenye stoo akanihamishia maboksi nikapima uliobaki.